Kujifunza Yoga na Tafakuri kwa Maandishi: Mwongozo kwa Msomaji wa Kemambo

Mwalimu wa yoga hapatikani kwa urahisi Kemambo. Huku kwetu, ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na ambako mkulima wa mihogo na ulezi, mchimbaji mdogo na dereva wa bodaboda hukutana katika gulio moja la Nyamongo, mwenye raghba ya elimu hii aghalabu huianza kwa kitabu cha kuazima au kwa masomo aliyoyapakua katika simu. Njia hiyo haina aibu, wala si ngeni. Paramahansa Yogananda, aliyezaliwa Gorakhpur katika Bara Hindi mwaka 1893 na kuwasili Marekani mwaka 1920, aliwafikia wanafunzi wasiopata kumwona uso kwa uso kwa masomo yaliyopelekwa kwa posta. Na sisi wa Mara tunaijua desturi hiyo, kwa sababu wengi wetu tumepata kujaza masomo ya Biblia ya Sauti ya Unabii, tukirudisha majibu ya somo moja kabla ya kutiwa mkononi somo jingine.

Hata hivyo, somo la maandishi lina upungufu mmoja ambao yakupasa kuujua kabla hujakunjua mkeka: halikuoni. Mwalimu aliye mbele yako, akiona bega limepanda au uso umekunjamana kwa maumivu, atakuzuia papo hapo. Ukurasa hautakuzuia, bali utaendelea kukuamuru uiname zaidi hata kama goti lako limekwisha kukataa. Maadamu ni hivyo, kazi ya jicho la mwalimu itakuwa juu yako wewe, nawe utaitimiza kwa mambo matatu: kuongeza jambo moja tu kwa wakati mmoja, kuandika daftari, na kumweka mtu wa nyumbani akusomee na kukutazama. Mwongozo huu ni ufafanuzi wa mambo hayo matatu.

Kwa nini polepole

Sababu ya kwanza ni ya mwili. Misuli hupata nguvu mapema, lakini kano na maungio huchelewa kuizoea kazi mpya. Kwa hiyo mtu aweza kujiona hodari katika wiki ya tatu, ilhali goti lake bado ni la wiki ya kwanza.

Sababu ya pili ni ya hesabu. Ukianza mikao mipya minne na zoezi jipya la pumzi katika siku moja, kisha ukalala usiku huo na maumivu ya kichwa, hutajua ni lipi lililokudhuru, nawe utaacha yote au utaendelea na yote, na njia zote mbili ni mbaya. Aliyeongeza jambo moja tu huijua sababu bila kumwuliza mtu.

Sababu ya tatu ni ushuhuda wa mabingwa wenyewe. B. K. S. Iyengar alipochapisha Light on Yoga mwaka 1966, kitabu ambacho watu wengi duniani wamejifunzia bila mwalimu, aliweka mwishoni ratiba ya wiki 300, yaani karibu miaka sita. Kadhalika Patanjali, ambaye misemo yake mifupi ipatayo 195 ndiyo msingi wa kale wa elimu hii, aligawa njia katika daraja nane zinazoanzia katika adabu ya mtu kwa wenziwe na kwa nafsi yake, akaiweka mikao daraja ya tatu, na kuisemea kwa misemo mitatu tu. Anayeufanya mkunjo mgumu wa viungo kuwa ndio yoga yote ameshika kipande kidogo na kuliacha tawi zima.

Mfugaji wa huku hahitaji maneno mengi juu ya jambo hili: maksai mchanga hafungwi plau siku ya kwanza, bali hutembezwa na nira tupu ubavuni mwa mwenziwe aliyezoea, mpaka shingo yake iikubali.

Yoga itakufaa nini, na haitakufaa nini

Mwaka 2017 jumuiya ya madaktari iitwayo American College of Physicians iliitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kwanza, kabla ya dawa, kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu. Hiyo ni habari njema kwa mtu aliyeinama juu ya jembe tangu alfajiri. Lakini yoga haiponyi kifua kikuu, wala haichukui nafasi ya vidonge vya shinikizo la damu, kisukari au virusi vya Ukimwi. Ukikuta somo linalokushauri uache dawa, lifunge usilifungue tena.

> HADHARI: WASIOPASWA KUANZA KABLA YA KUONANA NA TABIBU
>
> - Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kifafa, au presha ya macho. Huyu asiinamishe kichwa chini ya moyo, wala asizuie pumzi.
> - Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Aende kwanza kupimwa kifua kikuu.
> - Aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mawe na sasa hukosa pumzi akipanda kilima.
> - Mama mjamzito, na mama aliyejifungua karibuni.
> - Aliyevunjika, aliyeteguka, au mwenye ganzi inayoshuka mguuni.
> - Aliyepata kuugua maradhi ya akili, au anayesumbuliwa na kumbukumbu za tukio la kutisha. Huyu tafakuri ndefu yaweza kumzidishia, naye aianze akiwa na mshauri.

Suala la dini

Swali hili utaulizwa nyumbani na kanisani au msikitini, na ni afadhali ujiulize wewe kwanza. Asili ya yoga ni Bara Hindi, na huko imefungamana na imani. Si kweli kwamba haihusiani na dini, wala si kweli kwamba kila anyooshaye mgongo amebadili dini yake. Wenye imani wenyewe hawakuafikiana. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, aliifasiri kazi ya Patanjali kwa Kiarabu katika karne ya 11. Lakini baraza la fatwa la Malaysia, mwaka 2008, liliharamisha yoga inayochanganya mazoezi na ibada na maneno ya Kihindu. Upande wa Wakristo, mtawa Mbenediktini John Main, aliyefariki mwaka 1982, alijifunza tafakuri kwa swami mmoja huko Malaya, kisha akaja kuifundisha kwa Wakristo wenziwe kwa neno maranatha lililomo katika Biblia.

Basi fanya hivi: soma somo zima kabla ya kulitenda, utie alama kwenye kila neno la ibada, kisha umwonyeshe padre, mchungaji au imamu wako ukurasa huohuo badala ya kumsimulia. Mambo yaliyomo katika mwongozo huu ni kukaa, kuhesabu pumzi na kunyoosha viungo. Hayadai neno la dini yoyote.

Namna ya kuchagua masomo

Shika mfululizo mmoja tu wa masomo, uufuate kwa muda wa miezi mitatu isiyopungua. Masomo mazuri utayatambua kwa dalili hizi:

- Yana mpangilio, na kila somo hulitegemea lililotangulia.
- Yanasema nani asitende, wala hayasemi tu faida.
- Yanaeleza namna ya kutoka katika mkao, si namna ya kuingia peke yake.
- Yanataja muda, idadi na pumziko.
- Hayakuahidi miujiza kwa siku saba, wala hayakudai fedha ili ufunuliwe siri.

Masomo mengi utakayoyapata yameandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usikate. Mwombe mwalimu wa sekondari au kijana wa kidato cha nne akufafanulie ukurasa mmoja kwa wiki, kisha uuandike katika daftari kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ukiona huwezi kukiandika kipande fulani, hujakielewa, na usilolielewa usilitende.

Mahali, wakati na vifaa

Huhitaji mkeka wa dukani. Mkeka wa ukindu juu ya sakafu kavu, blanketi moja, kanga mbili za kukunja, kigoda kifupi na ukuta usioyumba vyatosha. Mkeka ukiteleza kwenye saruji, tandika chini yake gunia lililolowanishwa kidogo na kukamuliwa.

Wakati bora ni alfajiri, kabla ya shamba na kabla watoto hawajaamka, au jioni kabla ya chakula. Tumbo liwe jepesi: baada ya sahani ya ugali na kichuri, ngoja saa tatu kamili; baada ya uji au chai, ngoja saa moja. Asubuhi za baridi mwili huwa mgumu, kwa hiyo tembea uani dakika tano kwanza, wala usijinyooshe ghafla ukitoka kitandani. Aliyetoka zamu ya usiku mgodini alale kwanza, afanye mazoezi akiamka. Mwili uliokesha hauhisi maumivu yake upesi, nao hudanganya.

Namna ya kusoma somo moja

1. Soma somo lote umekaa, bila kutenda lolote.
2. Lifunge, ulieleze kwa sauti kama unayemfundisha mwingine. Ulipokwama, rudi ukasome.
3. Andika hatua zake katika daftari, kila hatua mstari wake, zisizidi nane.
4. Mpe daftari msomeaji wako, awe mke, mume, ndugu au mtoto ajuaye kusoma. Asome hatua moja, angoje uitende, ndipo asome nyingine.
5. Mwombe alinganishe mwili wako na picha, aseme anachokiona tu. "Baba, bega la kulia limepanda" ni neno la kufaa kuliko sifa kumi, na mtoto wa darasa la nne aweza kulisema vizuri kabisa.
6. Tenda somo hilohilo siku sita, upumzike siku ya saba. Msabato atapumzika Jumamosi, na mwingine siku yake.
7. Fungua somo linalofuata ikiwa siku nne kati ya hizo sita zilipita bila maumivu na bila kulazimisha. La sivyo, rudia wiki nzima. Wiki iliyorudiwa si hasara.

Ratiba ya wiki 12

Ikiwa masomo yako hayana ratiba, fuata hii.

*Wiki ya 1 na ya 2: kukaa na kuhesabu pumzi, dakika 5*

Tunaanza na kukaa kwa sababu hakuna awezaye kujiumiza kwa kukaa dakika tano, na kwa sababu asiyeweza kutulia kwa muda huo hatausikia mwili wake atakapoukunja.

1. Keti juu ya kigoda kifupi au blanketi lililokunjwa, makalio yawe juu kuliko magoti. Asiyeweza kukaa chini na akae kitini, nyayo zote zikigusa sakafu.
2. Weka mikono mapajani. Fumba macho, au yatazamishe mkeka hatua moja mbele yako.
3. Funga kinywa, upumue kwa pua. Usiirefushe pumzi, wala usiizuie, iache ijiendee.
4. Hesabu kila utoapo pumzi: moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudi kwenye moja.
5. Utapotea. Aghalabu hufiki hata nne kabla hujaikumbuka ada ya shule au ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. Ukigundua umepotea, rudi kwenye moja bila kujilaumu. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.
6. Simu ikilia kwamba muda umekwisha, usiruke. Kaa kidogo, fumbua macho, nyoosha miguu, ndipo usimame.

*Wiki ya 3: mkao wa paka na ng'ombe*

Huu huja kabla ya kukaa, ili mgongo ulegee kwanza.

1. Piga magoti, uweke viganja sakafuni chini ya mabega, na magoti chini ya nyonga. Kunja kanga chini ya magoti.
2. Ukivuta pumzi, shusha tumbo polepole kuelekea mkekani, kifua kikisogea mbele. Kichwa kifuate mgongo, usikirushe nyuma.
3. Ukitoa pumzi, sukuma sakafu kwa viganja, mgongo upinde juu uwe tao, na kidevu kielekee kifuani.
4. Fanya mara sita. Pumzi itangulie na mwili uifuate. Ukijiona unahema, umekwenda mbio.
5. Kifundo cha mkono kikiuma, kama kinavyowauma wapiga nyundo wengi, kunja ngumi badala ya kutandaza kiganja.
6. Kutoka, rudisha makalio kuelekea visigino, upumzike pumzi tatu.

*Wiki ya 4: mkao wa mtoto (vitabu huuita Balasana).* Kalia visigino, uiname mbele mpaka paji la uso liguse mkeka, mikono ikinyooka mbele au ikilala ubavuni. Magoti yakikataa, weka mto kati ya mapaja na miguu. Pumua mara nane.

*Wiki ya 5: mkao wa mlima (Tadasana).* Simama miguu ikiachana kiasi cha ngumi moja, uzito ukigawanyika sawa kati ya kisigino na vidole, mabega yameshuka, mikono imening'inia. Huonekana si kitu, nao ndio humfunua anayesimama daima juu ya mguu mmoja kwa sababu ya mzigo. Pumua mara nane.

*Wiki ya 6: kulala chali (Savasana).* Baada ya mikao na kabla ya kukaa, lala chali dakika 5, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa na nyingine chini ya magoti. Ukipitiwa na usingizi kila siku, dawa yake ni kulala mapema usiku.

*Wiki ya 7 na ya 8: kurefusha tafakuri.* Toka dakika 5 kwenda 8, kisha 10. Mikao ibaki ileile.

*Wiki ya 9 na ya 10: kurefusha pumzi ya kutoka.* Kabla ya kuhesabu, vuta pumzi kwa hesabu ya tatu, uitoe kwa hesabu ya nne. Fanya mara kumi tu, kisha iachie. Ukiona kifua kinabana, umelazimisha. Rudi kwenye pumzi ya kawaida.

*Wiki ya 11 na ya 12: kutoongeza kitu.* Fanya yote uliyoyajua, ambayo sasa hayazidi dakika 25, na ujichunguze. Wiki hizi mbili wengi huziruka, wakazikosa faida zake: ndizo zitakazokuonyesha kama umepata mazoea au ulikuwa ukichangamkia upya wa jambo tu.

> HADHARI: MAZOEZI YA PUMZI USIYOPASWA KUJIFUNZIA KITABUNI
>
> Usijaribu kuzuia pumzi kwa muda mrefu, wala kupumua kwa nguvu na haraka kama wanavyofanya katika kapalabhati na bhastrika, mpaka umpate mwalimu wa kukutazama. Hatha Yoga Pradipika, kitabu alichokitunga Svatmarama katika karne ya 15, kinaonya chenyewe kwamba pumzi ikitendwa vibaya huleta kwikwi, pumu, kikohozi na maumivu ya kichwa, masikio na macho. Watunzi wa elimu hii waliiogopa pumzi kuliko mikao. Nawe ifuate hofu yao.

Kila mtu na kazi yake

*Mchimbaji na mwenye karasha.* Vumbi la mawe ni adui wa mapafu. Usifanye zoezi lolote la pumzi karibu na duara au karasha, wala ukiwa na nguo za kazini. Oga, badili nguo, penga pua, ndipo ukae.

*Mkulima.* Kiuno kilichoinama kutwa hakihitaji kuinamishwa tena. Msimu wa palizi acha mikao ya kuinama mbele kwa kusimama, uzidishe paka na ng'ombe na kulala chali.

*Mama abebaye ndoo kichwani.* Shingo yako imekwisha kubeba mzigo wake wa siku. Mkao wa kusimama kwa kichwa, ambao vitabu huupamba kwa picha kubwa, usiuguse. Katika mkao wa mlima, anza bila ngata wala ndoo, ukaujue uzito wa kichwa peke yake.

*Dereva wa bodaboda.* Nyonga na viganja ndivyo vinavyochoka. Kijiweni, ukingoja abiria, teremka kwenye pikipiki, usimame katika mkao wa mlima pumzi nane. Lakini tafakuri ya kufumba macho usiifanye juu ya pikipiki hata kama imezimwa.

Makosa ya mara kwa mara

1. *Kuchanganya masomo.* Leo ukurasa wa mwalimu huyu, kesho video ya yule. Mtaka yote hukosa yote.
2. *Kuigiza picha.* Aliyepigwa picha ana miaka mingi ya mazoezi, na mapaja yake si yako. Fuata maelezo, usifuate umbo.
3. *Kuyaita maumivu maendeleo.* Mvuto wa katikati ya msuli ni halali; maumivu makali katika kiungo ni amri ya kuacha.
4. *Kulipa deni.* Aliyekosa siku tatu akafanya mara nne siku ya nne hufidia uvivu kwa kuumia. Siku iliyopita imepita. Fanya zoezi la leo tu.
5. *Kungoja ajabu.* Wengine hukaa wakitazamia mwanga au sauti, na wasipovipata hujiona wameshindwa. Dalili ya kweli ni ya kawaida mno, mathalani kumjibu mtu kwa upole pale ambapo mwezi uliopita ungefoka.
6. *Kuhubiri.* Aliyeanza jana hufundisha kijiji kizima leo. Ngoja mwaka.

Lini urudi nyuma

Kurudi nyuma ni hatua ya mazoezi kama zilivyo nyingine, nayo ina kanuni zake:

- *Kizunguzungu au kichwa kuuma:* acha zoezi la pumzi siku tatu, ubaki na mikao. Hali hiyo ikirudi, liache zoezi hilo kabisa mpaka uonane na tabibu.
- *Maumivu ya kiungo yanayobaki mpaka kesho yake:* ondoa mkao ulioongezwa mwisho, kwa wiki nzima.
- *Ganzi, maumivu ya kifua, au kukosa pumzi:* acha yote, uende kituo cha afya siku hiyohiyo.
- *Usingizi kupotea, hasira au wasiwasi kuzidi:* punguza tafakuri iwe dakika 3, au iwe ya kutembea uani macho wazi, ukihesabu hatua.
- *Hofu kuu, machozi yasiyokoma, au kumbukumbu mbaya kukujia kwa nguvu:* fumbua macho, gusa sakafu, taja vitu vitano unavyoviona, nenda ukakae na watu. Usirudi kwenye tafakuri peke yako kabla ya kuzungumza na mtu unayemwamini na mhudumu wa afya.

Daftari

Kila siku mistari minne yatosha. Mfano wake ni huu:

> *Jumanne, wiki ya 4.*
> *Nilichofanya:* paka na ng'ombe mara 6. Mtoto pumzi 8. Kukaa dakika 5.
> *Mwili:* goti la kushoto limebana kidogo. Nimeweka mto, likakubali.
> *Moyo:* nimepotea mara nyingi, nikiwaza bei ya mbolea.
> *Msomeaji amesema:* mgongo umepinda upande wa kulia.

Mwisho wa kila wiki soma kurasa zote sita. Jambo lililojirudia mara tatu, kama goti hilo la kushoto, ndilo mwalimu angelikuonyesha kwanza.

Orodha ya kujikagua kabla ya kuanza leo

- [ ] Simo miongoni mwa waliotajwa katika hadhari, au nimeonana na tabibu.
- [ ] Nimechagua mfululizo mmoja wa masomo.
- [ ] Nimesoma somo la leo mpaka mwisho na kuliandika kwa Kiswahili.
- [ ] Tumbo langu ni jepesi, na vumbi nimelioga.
- [ ] Mkeka hautelezi, na ukuta ni imara.
- [ ] Msomeaji wangu yupo, au nimekubaliana naye siku moja ya wiki atakayonitazama.
- [ ] Jambo jipya la leo ni moja tu, au halipo.

Baada ya hapo

Miezi mitatu ikitimia, waweza kuendelea na maandishi, lakini tafuta nafasi ya kuonwa na mjuzi angalau mara moja. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo imewafunza vijana wengi wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Dar es Salaam watu hukusanyika katika Siku ya Kimataifa ya Yoga, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza Desemba 2014 na ambayo huadhimishwa kila tarehe 21 Juni tangu mwaka 2015. Kwa mwenye safari ya biashara au ya kuwatembelea jamaa, saa moja mbele ya mwalimu itasahihisha makosa ambayo vitabu kumi visingeyagundua.

Ukimpata mwalimu huyo, usimwonyeshe kwanza mkao unaoujua vizuri. Mpe daftari asome, umwonyeshe mkao uliokusumbua, na umwulize maswali matatu: niache nini, nirudie nini, na lipi ndilo la kuongeza baada ya hapa. Majibu yake yaandike palepale, kisha urudi nayo Kemambo uyatende moja baada ya jingine, kwa kipimo kilekile cha siku sita kwa somo.